Barabara ya Vumbi ni Mali

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho hapa Moshi hakuna mtu anayekisifu, nacho ni barabara ya vumbi. Mgombea anayetafuta kura huahidi kuiondoa. Mama anayepeleka ndizi sokoni huilaani. Dereva wa gari la abiria huipita huku akihesabu springi zitakazokatika. Lakini barabara hiyo hiyo ndiyo ambayo watu wanavuka bahari na kutoa fedha zao za kigeni ili waipite, tena si kwa gari, bali kwa baiskeli.

Wengi tunaowaona mjini hudhani ni wale wale wapanda mlima waliochoka kutembea. Sivyo. Huu ni mchezo wenye watu wake na vifaa vyake. Baiskeli yenyewe ukiitazama kwa mbali utadhani ni ya mashindano ya lami, maana usukani wake umepinda kuelekea chini kama pembe za kondoo. Ukiisogelea utaona tairi zake ni pana zaidi, milimita 40 hivi, zina meno, na gia zake ni nyepesi za kupandia mlima. Ni baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya changarawe. Haikusudiwi kuruka magogo na mawe makubwa kama zile za milimani, wala haifi moyo lami inapokwisha.

Mchezo huu ulipata nguvu Marekani, katika majimbo yenye mashamba makubwa na barabara ndefu za kokoto zisizo na magari. Katika mji mdogo wa Emporia, jimbo la Kansas, tangu mwaka 2006 kuna mashindano ambayo mbio zake kuu ni za kilometa zaidi ya 300 kwa siku moja. Huku kwetu Afrika Mashariki, mwaka 2021 yalianzishwa mashindano ya siku nne katika eneo la Maasai Mara, Kenya. Miongoni mwa waliouhangaikia mchezo huu alikuwa Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, aliyefariki dunia Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya namna hiyo huko Vermont, Marekani. Na Septemba 2025 mji wa Kigali, Rwanda, ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba baiskeli ni mambo ya wazungu. Imekwisha kufika mlangoni.

Huko Ulaya iko miji ya milimani ambayo toka zamani ilijulikana kwa chemchemi zake. Watu walikwenda kuoga maji ya uvuguvugu na kutembea msituni ili wapone maradhi. Siku hizi wengine huenda na baiskeli. Mchana ni vumbi, jioni ni maji. Sasa tazama Moshi. Mlima tunao, njia za vumbi tunazo tele, na mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli kutoka mjini iko chemchemi ya Chemka. Tulichokosa ni kuzijua njia zetu wenyewe na kuzitunza.

KWA NINI NJIA ZINAPANDA

Anayetaka kuzielewa njia za Kilimanjaro na aanze na maji. Mvua nyingi ya mlima huu hainyeshi kileleni wala hainyeshi mjini. Hunyesha katika ukanda wa msitu upande wa kusini, ambako hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo huteremka kwa mito kama Kikavu, Weruweru, Karanga, Rau na Himo, na kwa muda usiohesabika yamechimba makorongo marefu kutoka msituni hadi tambarare. Kati ya korongo na korongo pamebaki mgongo wa ardhi, na juu ya mgongo ndipo watu walipojenga na kupanda migomba.

Ndiyo sababu barabara nyingi zinapanda na kushuka mlima, na ni chache zinazoukata kwa ubavu. Kutoka Kibosho unaweza kuiona Uru kwa macho, lakini kuifikia ni kuteremka korongoni, kuvuka mto, na kupanda tena huku moyo ukigonga mbavu. Mpanda baiskeli asiyelijua jambo hili hutazama ramani, akaona kilometa tano, akasema ni mwendo wa robo saa. Saa moja baadaye bado anasukuma.

Makorongo hayo hayo ndiyo yaliyogawanya nchi za Mangi mmoja na mwingine: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mwika. Ndiyo pia yaliyofanya salamu ya Machame isifanane na ya Marangu, ingawa wote husema wanazungumza Kichaga. Anayepita kwa baiskeli kutoka mashariki hadi magharibi atabadilisha salamu mara kadhaa kabla ya kubadilisha tairi.

Mji wenyewe nao una habari yake. Boma la Wajerumani lilikuwa kule juu, mahali tunapopaita leo Old Moshi, ambako Mangi Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilikomea chini, penye tambarare, na mji ukateremka kuifuata, ukalichukua na jina. Tangu hapo barabara za mlimani zikawa zinashukia stesheni kama mbavu za mwavuli.

Kisha ikaja kahawa. Wakulima waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Vyama vya msingi vikaenea migongoni, kila kimoja na ghala lake, na kila ghala lilihitaji njia ya lori. Wazee walitoka na majembe na sururu wakazilima barabara hizo. Mgeni anayepita leo huku akisifia mandhari anapita juu ya jasho la kahawa.

NJIA NNE ZA KUANZIA

Zipo njia nyingi, lakini nitazitaja nne, kuanzia nyepesi hadi nzito.

Ya kwanza ni ya tambarare, kusini mwa mji. Unapita msitu wa Rau, wenye miti mikubwa iliyosalia pembezoni kabisa mwa mji, kisha unatokea kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, yanayomwagiliwa kwa mifereji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Mbele yake ni bahari ya miwa ya TPC, huko Arusha Chini, ambako kiwanda cha sukari kina historia tangu miaka ya 1930. Hapa hakuna kilima hata kimoja. Adui ni jua, na baada ya mvua adui ni udongo mweusi, unaonata kwenye gurudumu hadi likagoma kuzunguka. Barabara za ndani ya shamba la miwa ni za kampuni. Ruhusa huombwa kwanza.

Ya pili ndiyo ya Chemka. Wengi huenda kwa barabara kuu hadi Boma Ng'ombe, wakakata kushoto kuingia vumbi la Rundugai. Mwenye akili timamu hatapanda baiskeli kwenye barabara kuu ile, yenye malori na mabasi yanayoshindana na saa. Afadhali njia za vijiji vya kusini mwa barabara, kupitia Kikavu Chini, Mijongweni na Longoi, huku ukiuliza kwa wenyeji ni kivuko kipi cha mto kinapitika siku hiyo. Nchi ni kavu, miiba ni mingi, na vumbi ni laini kama unga wa sembe. Halafu ghafla unaona miti mirefu ya kijani imejikusanya mahali pamoja, na chini yake bwawa la maji ya samawati, angavu mpaka unaona mchanga na mizizi ya mikuyu. Jina Chemka lisikutishe. Maji hayaunguzi, ni ya uvuguvugu tu, yanatoka ardhini kwa wingi, na visamaki vidogo huja kukudonoa miguu.

Hapo nataka tusimame kidogo. Maji yale yanatoka wapi katika nchi kavu namna ile? Mlima wa volkano ni kama chujio kubwa. Mvua inayonyesha juu huzama katika mawe yenye matundu, ikasafiri chini kwa chini, ikatokeza tambarare. Wapo wanaodhani mito yetu inategemea barafu ya Kibo. Barafu hiyo ilipungua kwa kiasi cha asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007, na hilo ni jambo la kusikitisha, lakini kinacholisha mito na chemchemi hasa ni msitu. Kutoka Chemka maji hujiunga na mto Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakatoka kwa jina la Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme, na hatimaye kufika Bahari ya Hindi. Anayekata mti kule juu anapunguza maji kwa watu wengi asiowajua.

Njia ya tatu ni ya kupanda, kutoka mjini kwenda Uru hadi Materuni penye maporomoko, au kwenda Kibosho. Mji uko kiasi cha meta 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa msitu uko karibu meta 1,800. Maana yake unapanda karibu meta 1,000 katika safari ambayo gari huimaliza kwa dakika chache. Mwanzoni ni jua na mahindi, kisha migomba na kahawa, kisha ubaridi na ukungu. Hapa ndipo utakapokuta mifongo, yaani mifereji ya asili iliyochimbwa na wazee kufuata ubavu wa mlima, ikileta maji ya mto hadi kihambani. Kando ya mfongo mara nyingi kuna kinjia cha miguu, na ndicho pekee kilicho tambarare mlima mzima. Kinamvutia sana mwenye baiskeli. Asikipite. Ukingo wa mfongo ukibomoka, mtu hapati maji ya zamu yake, na ugomvi wa maji mlimani si ugomvi mdogo. Hali kadhalika asikatize kihambani. Ukiona safu ya masale yenye majani marefu, ujue huo ni mpaka, na ndani yake yapo makaburi ya wenye shamba.

Njia ya nne si ya kila mtu. Mamlaka ya hifadhi imeruhusu baiskeli kupanda mlimani kwa njia ya Kilema, inayokutana na ile ya Marangu kwenye kituo cha Horombo, meta 3,720. Kabla ya hapo kupanda na baiskeli lilikuwa jambo la visa na hadithi, kama wale Waingereza wawili, binamu Nicholas na Richard Crane, waliofika kileleni na baiskeli zao katikati ya miaka ya 1980, wakizibeba mabegani sehemu kubwa ya safari. Huko hakuendwi bila kibali, ada na kiongozi. Aidha, ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, ule unaoitwa Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani, umo ndani ya hifadhi tangu mipaka ilipopanuliwa mwaka 2005. Mgeni asidhani ni kichaka cha kuchezea. Mama wa kijijini hana ruhusa ya kuingia apendavyo. Mwenye baiskeli hana pia.

KANUNI ZA VUMBI

Barabara ya vumbi haisamehi, lakini ina kanuni zinazofahamika. Ya kwanza ni upepo wa tairi. Tuliozoea Phoenix ya mchina hujaza mpaka tairi linalia kama ngoma. Kwenye kokoto, tairi gumu sana hudundadunda na kuteleza. Ukipunguza upepo kidogo hushika ardhi. Lakini ukipunguza mno, jiwe litabana tyubu kwenye rimu na utakuwa na pancha mbili kwa mpigo.

Ya pili ni vile vijituta vinavyofuatana kama bati la migongo, ambavyo hutikisa meno. Vinatokana na magari yenyewe. Gurudumu likidunda mara moja hukandamiza udongo mahali linapotua na kurusha uliolegea. Gari la pili hudunda pale pale, na la tatu, mpaka mawimbi yanakamilika. Huzidi pale magari yanapokimbia au kufunga breki. Mpanda baiskeli hujiokoa kwa kwenda ukingoni kabisa, ambako ndiko pia wanakotembea watoto wa shule. Kengele ni lazima.

Ya tatu ni kuteremka. Kushuka kutoka Materuni au Kibosho ni raha yenye hatari. Breki ikishikwa mfululizo hupata moto na kudhoofika. Shika, achia, shika tena. Nimeona vijana wetu wakishuka bila breki yoyote, wakizuia gurudumu la nyuma kwa kandambili. Ni ustadi, siwezi kukana, lakini mbele ya kona kuna mama mwenye mkungu kichwani, na yeye hana breki wala kengele.

Ya nne ni majira. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa mlimani huwa sabuni. Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, ndiyo miezi ya kuendesha.

FEDHA ZINABAKI WAPI?

Sasa tuingie kwenye kiini. Njiani Uru niliwahi kukutana na mama aliyekuwa ameutua mkungu wake apumzike, baada ya kupitwa na kundi la wageni wenye kofia ngumu. Alitaka kujua kama ni kweli watu wale wanalipa ili wapite kwenye barabara mbovu. Nikamwambia ni kweli. Alicheka sana. Alipomaliza kucheka akauliza fedha hizo zinabaki wapi. Swali lake ni zito kuliko yote niliyoyaeleza hapo juu.

Sehemu kubwa hubaki mahali safari inaponunuliwa, mjini au ng'ambo. Kijiji kinachopitwa hupata vumbi na picha. Ziko tofauti njema. Chemka hutoza kiingilio. Materuni wageni hutwanga kahawa pamoja na wenyeji na kulipia. Lakini mahali ambapo baiskeli inapita tu bila kusimama, hakibaki kitu. Tena njia inaharibika kwa mvua, si kwa baiskeli, na anayebaki na korongo mlangoni ni yule mama.

Wapo watakaosema basi tuziache barabara zilivyo, maana wageni wanazipenda hivyo hivyo. La hasha! Mama mjamzito hawezi kukaa na utungu barabarani ili mtalii apate changarawe. Barabara zinazokwenda hospitali, sokoni na shuleni zistahili lami, na lami ikija tuishangilie. Hata hivyo tuseme ukweli: si kila kinjia cha mgongoni kitapata lami katika maisha yetu. Hizo zitakazobaki za vumbi ndizo ninazozisemea.

Njia ya vumbi haifi kwa kukosa lami. Inakufa kwa kukosa mfereji. Maji yakikosa pa kwenda hupita katikati ya barabara, mwaka wa kwanza yakachora mstari, mwaka wa pili yakachimba mtaro, mwaka wa tatu gari halipiti. Babu zetu waliochimba mifongo waliweza kuyaongoza maji kilometa nyingi kwa jembe na macho matupu. Inatia aibu wajukuu kushindwa kuyaondoa barabarani kwa mwendo wa hatua ishirini. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na ni haki kuidai ifanye kazi yake. Lakini kuzibua mfereji uliozibwa na maganda ya migomba hakuhitaji mhandisi kutoka wilayani.

Pendekezo langu ni hili. Vijiji vya njia hizi vikubaliane ada ndogo kwa kila mpanda baiskeli anayekuja na kampuni, ilipwe kwa stakabadhi, na hesabu zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kubandikwa ubaoni, ili asitokee mtu mmoja akaigeuza mfuko wake. Fedha hiyo ianze na mifereji na vivuko. Pili, vijana wa migongo hiyo wafundishwe kuongoza na kutengeneza. Tunao mafundi baiskeli chini ya miti ambao hunyoosha rimu kwa jicho tu. Wakipewa vifaa vya breki na gia za kisasa hawatashindwa. Kiongozi anayejua mfongo ni wa ukoo gani ana thamani kuliko yule anayejua Kiingereza peke yake. Tatu, kampuni ziwaambie wageni wao kwamba mwenye mzigo ana haki ya njia kabla ya mwenye starehe.

Na mwisho, tusiwaachie wageni mchezo peke yao. Mtoto wa Rundugai au wa Mabogini huenda shule kwa baiskeli ya baba yake, akipitisha mguu chini ya bomba kwa sababu kiti ni kirefu. Huyo anahitaji njia isiyo na malori, kivuko kisichosombwa na mvua, na ukingo ulio imara. Ndivyo vitu vile vile anavyovitaka mgeni wa kutoka Ulaya. Basi tukitaka kujua kama njia zetu za baiskeli ni nzuri, tusihesabu wageni waliopiga picha Chemka. Tumwangalie mtoto huyo, kama amefika shule salama mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua za masika hazingoji kikao. Kwa juma hili naishia hapa. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.